Gurudumu la Maji na Vidole Vyako Viwili

Mwanangu Skola,

Umetoka na mama yako baada ya chakula cha mchana kwenda Kizwite kumuaga shangazi yako, nami nimebaki nyumbani na kalamu. Ya blanketi, ya sweta na ya kutolala na nywele mbichi mama yako ameshayasema, tena zaidi ya mara moja. Mbeya unakokwenda chuoni si mbali na baridi unaijua, umezaliwa nayo. Mimi nina jambo moja tu la kukueleza. Ila siwezi kulisema peke yake. Inabidi nianzie nyuma kidogo, ili uone nilivyokuwa kabla ya kuona nilichofanya.

Kazi yangu unaijua. Kabla hujazaliwa nilikuwa nazunguka na baiskeli vijiji vya jirani hadi Izia na Sumbawanga mjini, nikitengeneza mashine za kusaga. Kila nilipofika, kitu cha kwanza kutazama kilikuwa mkanda, ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu. Mkanda ulioachwa wazi unameza khanga, unameza nywele, unameza mkono. Nimewaona watu walioumia hivyo. Kwa hiyo niliwagombeza wenye mashine bila kujali umri wao. "Funika mkanda kwanza, ndipo nishike spana." Wengine wakaniita Fundi Funika, wakicheka, lakini walifunika.

Katika kuzunguka huko nilimkuta mzee mmoja, kule ardhi inakoanza kuteremka kwenda bonde la Rukwa, ameweka kigurudumu kwenye kijito na kinawasha balbu mbili ndani kwake. Nilikaa pale nusu siku nikikitazama tu. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama yako, "Fausta, na sisi tuna maji." Akasema, "Tunayo, ndiyo. Nimetoka kuyachota sasa hivi."

Unakijua kijito chetu, hakikauki hata Oktoba, na pale penye mawe kinaanguka kimo cha nyumba. Nilichimba mfereji wa hatua mia mbili kando ya kilima. Mama yako alichimba pia, wewe ukiwa mgongoni, na siku nyingine mikono yake ilitoka malengelenge mengi kuliko yangu. Watu wakipita na ng'ombe walisimama wakatuangalia. Mmoja akaniambia, "Kizito, maji yanazima moto. Yatawashaje taa?" Gurudumu la kwanza lilikuwa la mbao, na mvua za mwaka ule zikalichukua lote. Sikupata hata kipande cha kuotea moto.

La pili nilitengeneza la chuma. Panga zake, zile zinazopigwa na maji, nilikata kwenye pipa la dizeli, ekseli ikakaa kwenye beringi za lori. Wewe leo unaweza kuwaeleza wenzako vizuri kuliko mimi: mfereji unaleta maji kwenye pipa, pipa linayashusha kwenye bomba, bomba linayatema kwenye panga, gurudumu linazunguka, na mkanda unachukua mzunguko ule hadi kwenye jenereta. Jenereta yenyewe niliitoa kwenye mashine ya petroli iliyokufa. Taa ya kwanza iliwaka jioni jua likiwa bado juu, maana sikuweza kusubiri giza. Ulikuwa na miaka minne. Ulipanda juu ya stuli, ukajaza mashavu hewa, ukaipuliza balbu kama ulivyozoea kupuliza kibatari. Haikuzimika. Ukapuliza tena. Halafu ukanigeukia ukasema, "Baba, imekataa." Nimecheka mara nyingi maishani lakini sidhani kama nimewahi kucheka vile.

Mambo haya nayakumbuka kwa furaha. Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuliona wakati ule, na sasa naliona waziwazi. Kila kitu kilipoharibika, nilitafuta mtu wa kumtwika.

Jumapili moja asubuhi mama yako alikuwa ananyoosha nguo za kwendea kanisani. Alipomaliza akachomoa pasi, na balbu zote za nyumba zikapasuka, pa, pa, pa, mpaka ile ya jikoni. Nikamfokea. "Umechomoa vibaya, Fausta." Akaniangalia na pasi mkononi. "Pasi inachomolewaje vizuri?" Baadaye nikaelewa kwamba gurudumu lilikuwa limezoea kuvuta mzigo wa pasi, na mzigo ulipotoka ghafla likaruka kwa kasi na umeme ukapanda. Kosa lilikuwa langu mimi niliyelijenga bila kuliwekea kitu cha kulishikilia. Nikatia koili kwenye pipa la maji la nyumbani, ya kumeza umeme unaozidi, na ndiyo maana nyumba hii ina maji ya moto wakati wa baridi ya Juni. Koili ile mnaisifu wote. Mama yako sikumwomba radhi hata siku moja.

Halafu jirani yetu, Mama Oresta. Unamjua alivyo mpole, lakini asubuhi moja nilimkuta amekaa katikati ya mfereji wangu, maji yamemfika kiunoni, jembe limelala mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Na taa hazijambo?"

"Hatujambo mama. Mbona umekaa kwenye maji?"

"Nimeyafuata. Kwangu hayaji tena, nikasema nije niyatembelee."

Nilikuwa nimemwaga maji yaliyotoka kwenye gurudumu yaende kokote, yakapotelea bondeni, na bustani yake ya kabichi pale chini ikabaki kavu. Mimi nilichosema ni kwamba mvua ni chache mwaka huu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, mvua imewahi kuwa chache mara nyingi, na kijito hiki kinapita hapa tangu mama mkwe wangu hajaolewa." Nikachukua jembe lake nikaanza kuchimba njia ya kuyarudisha maji kijitoni, juu ya bustani yake. Ilinichukua wiki mbili. Maji ya umeme hayaliwi na mtu, Skola, yanapita tu. Kuyarudisha ni kazi ndogo. Niliifanya kwa kununa kwa sababu nilikuwa nimekosea mbele ya mtu.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ulikuwa na miaka saba. Ilikuwa Juni, upepo ule mkavu wa huku kwetu, na maji yalikuwa yamepungua. Habari za fundi aliyewasha umeme wake zilikuwa zimefika mjini, na wageni wanne, watu wa ofisini, walituma salamu kwamba wangekuja kuona. Asubuhi nilikwenda kwenye kibanda cha gurudumu kukaza mkanda. Nikafungua ile kinga ya bati niliyoitengeneza mwenyewe. Nilipomaliza kukaza, sikuirudisha. Niliilaza majanini, nikajiambia wageni wakija waone mkanda unavyokimbia, utapendeza. Mimi, Fundi Funika.

Walikuja, wakaona, wakapiga picha, wakashangaa kama nilivyotaka. Tukarudi ndani kula. Mama yako alikuwa amepika ugali wa ulezi na samaki, migebuka. Nikiwa katikati ya maelezo, taa zikaanza kufifia. Nilijua tatizo: mkanda unateleza, unahitaji kupakwa nta ushike. Kazi ya dakika mbili. Lakini ilitaka niinuke mbele ya wageni niseme kwamba mtambo wangu una kasoro. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Nikakuita pale nilipokaa, karibu na dirisha, nikakunong'oneza.

"Skola, chukua nta dirishani, kapake kwenye mkanda, kama unavyoniona nafanya."

Ulinitazama. Uliniuliza, na sauti yako naisikia mpaka sasa ninapoandika, "Baba, si ulinikataza kuingia kule?"

"Leo nakuruhusu. Nenda haraka."

Ukaenda ukikimbia, ukifurahi. Sikukupa hata kile kijiti ninachochomekea nta ili mkono ukae mbali.

Taa zilizimika zote kwa mara moja, ndipo nikasikia sauti yako. Nilikimbia nikafunga maji na kuutoa mkono wako kwenye mkanda. Mama yako akafika, wageni wakafika, Mama Oresta naye akafika. Mgeni mmoja akauliza, "Imekuwaje, fundi?" Nami nilikuwa nimepiga magoti nimekushika, sijakufunga hata kitambaa, na maneno yakanitoka yenyewe kama yalivyokuwa yamezoea kutoka:

"Nimemkataza mara mia. Watoto hawasikii."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Gari la wageni wale ndilo lililotupeleka hospitali Sumbawanga, na njia nzima mama yako alikuwa anakulilia na kukugombeza kwa pamoja. Nilimwacha akugombeze. Kidole kidogo na cha pete cha mkono wa kushoto havikuweza kuokolewa.

Kama ningekuwa nimeishia hapo, labda barua hii ingekuwa rahisi zaidi. Siku ya tatu mama yako alikuwa ametoka kufua. Ulikuwa na homa, mdomo umekauka, bendeji kubwa kuliko kichwa chako. Ukafumbua macho ukaniuliza, "Baba, si ulinituma?"

Nikakujibu, "Hapana mwanangu. Umeota. Ni homa."

Uliniangalia kidogo, ukasema, "Haya," ukalala. Hukuuliza tena mpaka leo. Hukuota, Skola. Nilikutuma.

Nimejaribu kueleza kwa nini nilisema vile na kila nikieleza naona najitetea, kwa hiyo naacha. Nitakwambia tu kilichofuata. Nilirudi nyumbani nikachomelea kinga ya mkanda kwenye fremu, haitoki bila msumeno. Umewahi kuniuliza kwa nini nimejitesa hivyo, kila nikitaka kubadilisha mkanda lazima nikate chuma. Nikakujibu kuna wezi. Uongo mmoja unaajiri mwingine.

Mama Oresta alikuja wiki ile ile uliporudi, akakuletea kabichi na mayai. Wakati wa kuondoka nikamsindikiza. Pale kwenye daraja la magogo akasimama. "Nilikuwa napita chini ya dirisha lako kuja kuazima ungo," akasema. "Nimesikia ulivyomtuma mtoto. Mimi nitanyamaza. Hayo si ya kinywa changu. Lakini wewe usinyamaze." Miaka kumi na miwili ametunza neno lake, nami sikutunza langu, kwa sababu nilimwambia, "Nitasema, mama."

Nafasi zilikuwepo. Nakumbuka ulipokuwa unajiandaa kwa komunyo ya kwanza, una miaka kumi, umekaa mezani chini ya balbu unaandika dhambi zako kwenye karatasi ya daftari ili usizisahau. Ukaniuliza kama kukaidi kunahesabiwa hata kama ni zamani. Nikakuuliza kukaidi gani. Ukainua mkono wa kushoto. Nilisema najisikia vibaya, nikatoka nikaenda kukaa kwenye kibanda cha gurudumu mpaka chakula kikapoa. Kesho yake ulikwenda kanisani na gauni lako jeupe kuungama dhambi yangu.

Nilidhani ungeuchukia mtambo. Badala yake ulihamia kule. Ukiwa darasa la sita ulikuwa unajua kwa sauti tu kama majani yameziba wavu wa pipa. Kidato cha pili, tulipomvutia Mama Oresta umeme, ulinirekebisha mbele yake kuhusu unene wa waya wa kwenda kwake, na ulikuwa sahihi, na nilijidai nilikuwa nakupima. Kwa vidole vinane unafunga waya haraka kuliko mimi kwa kumi. Nikikutazama juu ya nguzo na koleo mdomoni, fahari inanijaa, na papo hapo macho yangu yanaangukia mkono wako wa kushoto. Mara nyingi uliniuliza mbona nanyamaza. Ndiyo sababu.

Jumapili iliyopita tulipokufanyia tafrija ya kukuaga, uliwachukua watoto wa ndugu zako ukawapeleka kuwaonyesha mtambo. Mama Oresta na mimi tulikuwa tumekaa nje ya kibanda. Nikakusikia ndani unawaambia, kwa sauti yako ile ya mwalimu, "Hapa hakuna kugusa. Mnaona mkono wangu? Mimi sikumsikia baba." Mama Oresta alijifunika khanga yake vizuri, akauliza tu, "Anaondoka Jumatatu, eti?"

Leo asubuhi nilimwambia mama yako. Alikuwa anakukaangia karanga za safari. Aliziacha mpaka zikaanza kuungua, ndipo akaziepua. Halafu akasema, "Mimi nilimwambia mtoto wangu kitandani hospitali kwamba ameyataka mwenyewe." Akalirudia mara mbili, hakuwa ananiambia mimi. Nilitaka kumshika mkono akautoa. Baadaye, akiwa anavaa viatu vya kwenda nawe Kizwite, akaniambia, "Mwandikie. Ukimwambia kwa mdomo utaanza kujitetea, nakujua." Ndiyo maana naandika. Kama umemwona mkimya leo njiani, si kwa sababu yako.

Sikuandikii ili unisamehe. Kusamehe hakuna ratiba ya basi. Nimeandika kwa sababu kitu hiki ni chako, nilikichukua ukiwa na miaka saba, na sitaki uondoke bila hicho. Wewe hukukaidi. Uliuliza swali la akili kuliko la mtu yeyote aliyekuwa nyumbani siku ile, ukajibiwa na baba yako, ukamwamini. Ukiulizwa tena habari za vidole vyako, chuoni au popote, sema ukweli huo. Ukitaka kunitaja jina, nitaje.

Utauliza kama nimekwenda kwa kila mtu aliyekuwa kwenye tafrija kumweleza ukweli. Hapana, sijafika huko, nisijipambe. Nimekwenda kwa Mama Oresta tu, mchana huu kabla sijashika kalamu, nikamwambia naandika. Alikuwa anapalilia. Akasema, "Andika yote, na ile ya hospitali." Sikuwahi kumwambia ya hospitali. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Mtoto alinisimulia ndoto yake, zamani. Nikajua si ndoto." Kwa hiyo sikuwa hata peke yangu na siri yangu. Kumbe ulimsimulia mtu. Nimekaa na hilo muda mrefu kabla ya kuanza ukurasa huu.

Utakuwa fundi mzuri, hilo halina mjadala, na wa vyeti, si wa kuokotaokota kama mimi. Siku moja kitu kitaungua mikononi mwako, kwa sababu vitu huungua. Utasikia maneno yanapanda kooni kabla hata hujafikiri, yakitafuta mtu mwingine wa kumwangukia. Mimi nimeyafuata maneno hayo maisha yangu yote. Sikwambii la kufanya. Nakwambia tu gharama yake: miaka kumi na miwili nimekula nawe meza moja, na kila siku nimekukosa kidogo.

Nakupenda, mwanangu. Nilikupenda nikikunong'oneza, nilikupenda nikikudanganya, na haikukusaidia kitu. Natamani kuanzia leo ikusaidie.

Nilifikiri kuificha barua hii katikati ya nguo zako ili uisome ukiwa umeshapita Tunduma, mbali nami. Hiyo ingekuwa kukimbia tena. Nasikia bodaboda imesimama barabarani, na sauti yako, unamwambia mama yako akushikie mkoba. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua viatu. Halafu nitakaa kwenye benchi la nje, na sitaondoka pale. Uje ukiwa na hasira, uje na maswali, au usije kabisa. Kesho asubuhi nitabeba sanduku lako hadi stendi, hata kama hutanisemesha, na kila mwaka ukifunga chuo nitakuja stendi hapo hapo kukupokea.

Baba yako,
Kizito